Pikipiki Inayovuta Kulia

Kila Jumamosi asubuhi, kuosha pikipiki ya mama ilikuwa kazi ya Shushushu. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuacha jambo lipite bila kulichunguza. Sukari ikipungua kwenye kopo, alijua nani alitangulia kuamka. Kandambili zikihama mahali, alikagua nyayo mlangoni. Mwanzoni mama yake alicheka, baadaye akazoea, na mjomba akajifunza kulamba sukari yake akiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Mama alikuwa muuguzi wa zahanati. Asubuhi aliwapima watoto uzito, na mchana alipanda pikipiki kwenda kuwaona wagonjwa wasioweza kutembea, ambao nyumba zao zilikuwa mbali na barabara ya lami. Kwa hiyo Shushushu aliiosha pikipiki ile kwa heshima. Alianza na taa ya mbele na kumalizia na cheni, ambayo aliifuta kwa kitambaa cha mafuta.

Jumamosi hiyo aliona cheni imelegea, inaning'inia. Alikuwa amemtazama fundi akiikaza mara nyingi, na kwa macho yake haikuwa kazi ya kumshinda mtu. Pikipiki ilisimama ubavu wa kulia ukiwa umebanana na ukuta. Alichukua spana chini ya kiti, akalegeza nati kubwa ya gurudumu la nyuma kwa kuikanyaga spana kwa mguu, akazungusha nati ndogo ya upande huo wa kushoto mpaka cheni ikakaza, kisha akaikanyaga tena ile kubwa kuifunga. Alinawa mikono bila kumwambia mtu. Alitaka mama aone mwenyewe na ashangae.

Jumatatu jioni mama alirudi na matope mpaka kiunoni.

"Imenivuta kulia," alisema, akivua viatu. "Nimeingia kona ya darajani, nikajikuta mtaroni. Nashika usukani kama nagombania kitu na mtu."

Mjomba alikuwa mezani anakula. Alikuwa mdogo wake mama, kijana wa miaka ishirini, aliyekuja kukaa nao ili arudie mtihani wake wa mwisho. Kila Jumapili mama alimwazima pikipiki aende maktaba kusoma. Aliposikia habari ya mtaroni, aliacha kutafuna, na Shushushu alimwona.

"Jana ulianguka nayo?" mama aliuliza.

"Mimi? Hapana, dada."

"Hebu nitazame."

"Sijaanguka nayo, dada. Kweli tupu."

Lakini siku ile ya joto la kukausha mate, mjomba alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, tena amelifunga vifungo mpaka viganjani. Shushushu aliliweka jambo hilo moyoni, na tangu hapo hakuwa na raha.

Jumanne alimwona mjomba akishuka ngazi za nyuma mguu mmoja mmoja, akiuma meno. Jumatano asubuhi alikuta pamba yenye damu kwenye ndoo ya taka, imefichwa chini ya maganda ya viazi. Alikwenda kuizunguka pikipiki, akainama, akakuta mkwaruzo kwenye chuma cha kuwekea mguu. Hakukumbuka kama mkwaruzo huo ulikuwapo zamani. Aliamua kwamba haukuwapo.

"Mama," alisema, "mjomba alianguka. Ana kidonda anakificha, nimekuta pamba yenye damu, na pikipiki ina mkwaruzo."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Alichokiona kwa macho yake kilikuwa shati, pamba na mkwaruzo. Mengine yote aliyajazia mwenyewe, na kwa kuwa yalipangika vizuri, yeye mwenyewe aliyaamini.

Mama alimwita mdogo wake sebuleni. "Kuanguka si kosa," alimwambia. "Kunificha ndiko kosa, maana ningeweza kuingia chini ya lori. Kesho naipeleka kwa fundi. Akiikuta imepigwa, funga mizigo urudi kwa baba yetu."

Huko kwa baba hakukuwa na shule wala maktaba, na ilibaki miezi miwili kufika mtihani. Kila mtu chumbani alijua kwamba kurudi huko ni kuuaga mtihani kabisa. Mjomba alitoka sebuleni. Dakika chache baadaye Shushushu alimsikia akivuta begi kutoka uvunguni. Kwake huo ulikuwa ushahidi mwingine. Asiye na kosa, aliwaza, angefunga mizigo kwa nini?

Alhamisi walikwenda wote watatu. Gereji ilikuwa kibanda cha mabati chenye sakafu nyeusi kwa oili, na mwenyewe aliitwa Fundi Subiri, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mteja, hata aliyekuja kumsalimia tu.

"Ina nini?" aliuliza.

"Inavuta kulia," mama alijibu.

"Ilianguka Jumapili, hata mkwaruzo upo," Shushushu alidakia.

Fundi alimgeukia. "Ulikuwepo?"

"Hapana, ila najua ni nani—"

"Subiri. Hapa kwangu hatuanzi na nani, tunaanza na nini. Tofauti yake ni herufi moja tu, lakini nimeona ndugu wakikosana kwa herufi hiyo."

Mjomba alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Fundi alianza na upepo wa matairi, mbele na nyuma. Ulikuwa sawa. Kisha aliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akamwomba mama akae nyuma kabisa ili gurudumu la mbele liinuke.

"Njoo wewe mwenye hakika," alimwambia Shushushu. "Shika usukani kwa vidole viwili kila upande. Funga macho. Uzungushe polepole, kushoto, halafu kulia. Kuna mahali unakwama?"

Shushushu alizungusha. Alitamani ukwame. Alirudia mara ya pili, taratibu zaidi, akisikiliza kwa vidole.

"Haukwami," alikiri.

"Basi beringi za usukani ni nzima. Pikipiki ikipigwa kwa mbele, mara nyingi unahisi usukani unakwama pale katikati." Fundi alishika shokapu za mbele kwa chini, akazisukuma na kuzivuta. Hazikucheza. Akachuchumaa na kuzitazama kwa jicho moja. "Na hizi zimenyooka. Mkwaruzo je? Huu una kutu ya miezi mingi. Huu si wa Jumapili."

Shushushu alihisi hasira, na hasira yenyewe ilimshangaza. Shokapu za mama yake zilikuwa nzima na yeye amenuna, kana kwamba amenyang'anywa kitu.

Fundi alichukua uzi mrefu. Aliuzungusha nyuma ya gurudumu la nyuma, akazileta ncha zake mbele, moja kila upande, zikigusa ubavu wa tairi. Shushushu alipewa ncha ya kushoto, mama ya kulia. Kama magurudumu yamekaa mstari mmoja, fundi alieleza, nyuzi zote mbili zitapita umbali sawa na tairi la mbele. Uzi wa mama uliligusa tairi. Wa Shushushu ulipita mbali kiasi cha kuingiza vidole vitatu.

"Mbele hakuna kosa," fundi alisema. "Gurudumu la nyuma ndilo limekaa upande. Linataka kwenda kwake, la mbele kwake, na mwendeshaji anakaa katikati kuwasuluhisha." Alikwenda nyuma, akafuta vumbi kwa kidole. "Tazameni. Kila upande wa gurudumu kuna mistari midogo. Upande wa kulia, nati iko mstari wa tatu. Kushoto, mstari wa tano. Mtu amekaza cheni upande mmoja, wa pili hakuugusa."

Kisha aliweka spana kwenye nati kubwa. Ilizunguka kirahisi, kwa mkono mmoja. Fundi alimgeukia mama.

"Mama, umeiendesha hivi tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Haikukazwa sawasawa. Ungeendelea wiki nyingine, sijui tungeongea nini hapa."

Mama alikaa juu ya kreti. Kisha alimgeukia mdogo wake. "Kumbe na cheni uliichezea. Ulianguka, ukajaribu kutengeneza ili nisijue."

"Dada, mimi hata spana siijui inashikwaje."

"Nyamaza. Mizigo yako si tayari? Kesho asubuhi uende."

Hakuna aliyemtazama Shushushu. Nati kubwa, nati ndogo, spana chini ya mguu wake, ukuta: aliyakumbuka yote kwa mpigo. Akinyamaza, pikipiki itatengenezwa na hakuna atakayejua. Aliliwaza hilo. Aliliwaza kwa muda wa kutosha kujionea haya.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekaza cheni. Jumamosi. Nilitaka ufurahi." Machozi yalikuwa yameshafika. "Upande wa kulia ulikuwa ukutani, sikuuona. Mjomba hajafanya kitu."

Mama alimtazama bintiye, kisha nati ile, kisha mdogo wake.

"Na shati hili je?" alimwuliza. "Na hiyo pamba?"

Mjomba alikunja mkono wa shati. Kiwiko kilikuwa kimechubuka vibaya. "Jumapili sikwenda maktaba, dada. Nilikwenda uwanjani. Timu ilikosa golikipa."

"Ukadaka?"

"Nilijirusha sana, hata goti limechubuka. Tukafungwa manne." Aliinamisha kichwa. "Niliogopa ukijua sisomi, utanirudisha. Ndiyo maana nilifunga mizigo. Nilijua hata nikisema ukweli, nina kosa."

Fundi Subiri alikohoa kukificha kicheko. Alirudi kwenye gurudumu, na safari hii alimwita Shushushu ahesabu mistari kwa sauti, kushoto kisha kulia, mpaka nati zote mbili zikakaa mstari wa nne. Walipima tena kwa uzi. Umbali ukawa sawa. Ndipo akaikaza nati kubwa kwa uzito wake wote, akamwonyesha Shushushu kwamba hata yeye akiikanyaga haisogei. Mama alipanda, akaenda hadi mwisho wa barabara na kurudi. Pikipiki ilinyooka.

"Haivuti," alisema akizima injini. Hakushuka mara moja. "Mdogo wangu, nisamehe. Sikukuuliza kama anavyouliza mtu anayetaka jibu. Maktaba utakwenda, na nitakuuliza umesoma nini. Lakini hakuna anayekufukuza."

Shushushu alimsogelea mjomba wake. Mjomba ndiye aliyeanza.

"Unajua kilichoniuma ni nini? Si kushukiwa, maana mimi mwenyewe nilijificha kama mwizi. Siku nne uliniona nachechemea. Uliona hata damu yangu. Lakini pole hukunipa."

Shushushu alikitazama kiwiko. Ilikuwa kweli. Pamba ile aliishika kwa ncha za vidole na kufurahi kuipata, wala hakuwaza hata kidogo kwamba kuna mkono unaouma.

"Msikilize mjomba wako," mama alisema kwa upole. "Macho unayo makali, na sitaki uyafumbe. Ila ulikwisha amua ni nani, ndipo ukaanza kutazama. Ukitazama hivyo, utaona kosa la kila mtu isipokuwa lako, na mwenye maumivu atapita mbele yako usimwone. Anza na kilichotokea. Muulize mwenyewe. Na kama mkono wako umo, useme mapema, kabla mwingine hajabebeshwa."

Mjomba alikuwa anajaribu kuteremsha mkono wa shati, kitambaa kinakwama kwenye kidonda. Shushushu alikishika kwa uangalifu, akakivuta mpaka kikapita kiwiko bila kukigusa.

"Pole, mjomba," alisema.

"Nimeshapoa," mjomba alimjibu.