Neno la Mwenye Hema

Mbuzi ndio walioanza. Tangu Tamumunt ashuke mlimani hawakutaka tena kulala karibu na hema lake. Jua likikaribia kuzama walikwenda kujibanza kwa mama yake, Kunni, na hata yule mwenye pembe moja, aliyezoea kumlamba mikono, alimkwepa kama mtu asiyemjua.

Kunni alimuuliza kama alifuata kila alichoelekezwa kule juu. Tamumunt akasema ndiyo. Alikuwa amedanganya kwa neno moja tu.

Mumewe, Ghumer, alikuwa amekwenda Bilma na msafara wa chumvi, na misafara mingine yote ilisharudi. Kwa hiyo alifanya wanavyofanya wanawake wa milima ile mume akichelewa. Alivua kila chuma mwilini, hata ufunguo wa sanduku unaoning'inia kwenye ushungi, kwa sababu majini hukimbia chuma. Akavaa nguo ya sikukuu, akapanda hadi kileleni, kwenye kaburi la watu wa kale, watu wa kabla ya sala. Limebomoka. Mawe yake meusi yamemwagika pande zote, na katikati pana shimo ambalo hata jua la utosini halifiki chini yake. Hapo hulaliwa mchana, upepo ukitulia, na aliyemo huja ndotoni na habari za msafiri. Muulize habari, Kunni alimwambia, halafu nyamaza. Usimwite mtu.

Alilala, shavu juu ya jiwe. Kwanza akasikia harufu ya udongo mbichi, mahali ambapo mvua ilishapasahau. Kisha sauti kutoka chini ya shavu lake ikasema kwamba Ghumer yu hai. Ilikuwa sauti ya Ghumer mwenyewe, nzito kwa usingizi, na moyo ukamjaa mpaka akasahau yuko wapi.

"Njoo nyumbani," akasema.

Basi akaja. Alasiri moja Tamumunt alikuwa akichemsha chai aliposikia kikohozi cha Ghumer nje. Hakuona ngamia. Aliona mtu amesimama, kilemba cha buluu kimemziba uso kama wanaume wote wa kwao, yamebaki macho. Alikuwa akingoja, maana huko hema ni mali ya mwanamke, na mume huingia kwa kukaribishwa.

"Karibu," akasema, huku akikaribia kumwaga birika kwa furaha.

Akaingia, na harufu ya udongo mbichi ikaingia naye. Alipokea bilauri ya chai, akaipitisha chini ya kilemba, akairudisha imejaa, baridi kama maji ya kisimani. Alipoulizwa habari za Bilma alijibu salama. Alipoulizwa ngamia wako wapi alijibu salama. Kunni akaja mbio kumlaki, akasita mlangoni.

Mkwe hamtazami mama mkwe. Miaka yote Ghumer alikuwa akigeuka ubavu na kupandisha kilemba mpaka kwenye nyusi, hata Kunni alikuwa akimtania kwamba siku atakapokufa yeye, mkwewe hataitambua maiti yake. Huyu alimkazia macho, na hakupepesa.

Kunni akachomoa kisu chake cha kuchinjia, akakichomeka mchangani kati yao.

"Mwanangu," akanong'ona, "ulimwita?"

"Nilimwambia aje."

"Basi mimi siwezi. Hema ni lako. Mtoe wewe."

"Mke wangu," yule mtu akasema, "nimetembea sana."

Na sauti ilikuwa ile ile iliyomlaza usiku wa harusi, ile aliyoisikiliza upepo ukivuma na upepo ukikoma, miezi yote ya kukodolea macho njia tupu, na sasa ilimjia na baridi iliyotambaa juu ya mkeka, ikapanda vidole vyake vya miguu, ikapanda magoti, ikatafuta kifua, naye akajua kwamba ikifika mdomoni hatasema tena neno lolote.

"Toka."

Kilemba kikaanguka mchangani, hakina mtu ndani. Nje mbuzi wakalia wote kwa pamoja.

Kunni akamwonya kwamba neno lake ndilo mlango. Asimkaribishe mwanamume yeyote kabla hajamshikisha chuma.

Msafara ulifika juma lile lile. Ghumer alishuka kwenye ngamia mbele ya hema, amekonda, vumbi limemjaa kope. Alipomwona Kunni aligeuka ubavu kwa haraka mpaka akajikwaa kwenye kamba ya hema, na Kunni akacheka huku akijifuta machozi.

Tamumunt akamnyooshea kisu. Akamwambia akishike upande wa makali.

"Jangwa lote lile, mapokezi yenyewe ndiyo haya?" Lakini akakishika kwa kiganja kitupu, akabana mpaka tone la damu likatoka. Tamumunt aliligusa. Lilikuwa la moto.

Akainua mkeka wa mlangoni, akilia. Nyuma ya Ghumer mbuzi walikuwa wakirudi nyuma taratibu, wamesongamana, lakini yeye alimwona mumewe tu.

"Karibu ndani," akasema.

"Ahsante," zikajibu sauti mbili, zote za Ghumer.