Pumziko la Sekunde Kumi na Moja

Mafundi wa redio wana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawavumilii kimya. Mtu wa kawaida akikaa kimya, utasema amechoka au amenuna. Redio ikikaa kimya, fundi anakurupuka kama amemwagiwa maji. Na katika kituo kile hakuna aliyeugua hivyo kama fundi waliyemwita Mkasi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikata kwenye vipindi kila kikohozi, kila "eee", kila pumzi ndefu ya mgeni aliyesahau swali, kisha anaunganisha maneno hadi mgeni mwenyewe akijisikiliza anajiona ana akili kuliko alivyo.

Ijumaa ile alipewa kazi ya kumfurahisha. Mtangazaji wa kipindi cha muziki wa roki, mama mwenye sauti nzito ambaye wasikilizaji walimwita Shangazi, alitaka kulinganisha solo moja maarufu ya gitaa kama ilivyopigwa jukwaani na wapigaji watano waliopokezana katika bendi moja kwa miaka ishirini na sita. Wasikilizaji wangepiga simu kusema nani kawashinda wenzake. Mkasi akavaa spika za masikioni, akaagiza asisumbuliwe, akaanza.

Wa kwanza, mtunzi mwenyewe, alipiga taratibu, anauvuta uzi mpaka sauti inapanda kidogo kidogo na kutetemeka, kama mtu anayekusimulia jambo lililompata juzi tu. Wa pili alipigia uwanjani mvua ikinyesha, mbio mbio, kana kwamba anawahi kabla umeme haujakatika. Wa tatu, mwanamke anayetumia mkono wa kushoto, aliubadilisha mwanzo wote, na Mkasi akamsamehe kwa kuwa aliubadilisha vizuri. Wa nne alikuwa mtu wa mbwembwe. Walisema alipiga kwa meno, na kwa kweli ilisikika kama imepigwa kwa meno. Wa tano hakukosea hata mara moja, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alikuwa safi mno, kama shati ambalo bado lina pini za dukani.

Lakini wote watano, walipofika katikati, waliacha. Gitaa lilipanda, likauliza kitu, halafu kimya. Ngoma kimya, besi kimya. Kisha solo ikaendelea. Mkasi akapima kimya cha kwanza, sekunde kumi na moja. Cha pili, kumi na moja. Mbio za yule wa mvuani hazikukipunguza na taratibu za mtunzi hazikukiongeza. Vyote vitano vilikuwa kumi na moja kamili, na ndani yake, katika kumbi na viwanja vyenye maelfu ya watu, hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Alikuna kichwa, kisha akafanya kazi yake. Kituoni palikuwa na mtambo wa akiba: redio ikinyamaza sekunde kumi, unajiwasha wenyewe na kupiga wimbo wa kituo, na bosi anataka maelezo kwa maandishi. Kwa hiyo Mkasi akakata mapumziko yote matano, akaunganisha kabla na baada, na mshono haukuonekana. Kwenye karatasi ya kazi akaandika: "Nimeondoa mapumziko matano." Chumba kikanuka vumbi lililopata moto, ile harufu ya amplifaya ya zamani iliyowashwa baada ya kukaa stoo. Akazigusa mashine zote kwa kiganja. Zote zilikuwa baridi.

Kipindi kilirushwa Jumamosi saa tisa alasiri na simu zilimiminika. Mmoja wa waliopiga alikuwa yule mpigaji wa tano, ambaye siku hizi anafundisha udereva. Hakutaka kuingizwa hewani. Aliacha ujumbe kwa Shangazi: amwambie fundi wake arudishe alichokata, tena upesi. Mkasi aliposikia alicheka. Wanamuziki, alisema, ukiwapunguzia nukta moja wanadhani umewavua nguo.

Mkewe Mkasi alikuwa mshonaji, na wateja walimwita Mama Pindo. Cherehani yake ilikuwa chumba cha mbele, mlango wazi, na mama huyo alikuwa na tabia ambayo mumewe alimtania nayo tangu ujana wao: hakumwachia mtu yeyote aondoke bila kumkaribisha tena. Mteja aliyemtukana kwa sababu ya kola, karibu tena. Msoma mita aliyekuja kukata umeme, karibu tena baba. Mkasi alikuwa akisema mwizi naye angekaribishwa, na mama hujibu kwamba mwizi ni mgeni mwenye haraka.

Jumapili baada ya chakula cha mchana mama alijilaza kama kawaida yake, na Mkasi alikuwa pembeni akifunga kamba za viatu. Pumzi ya mkewe ikatoka na haikuingia tena. Fundi yule, ambaye sikio lake linapima kimya hata akiwa hataki, akajikuta anahesabu. Kumi na moja. Kisha pumzi ikaingia, tulivu, kama hakuna kitu. Na chumba kikanuka vumbi lililopata moto.

Jumatatu zilikuwa sekunde ishirini na mbili. Siku hiyo kimya kilikuja pia mama akiwa macho, akilalamikia uzi mbaya: "Huu uzi wa siku hizi ukiuvuta tu..." akanyamaza, mguu juu ya kanyagio, macho wazi hayatazami kitu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea juu ya kitambaa, vinabonyeza, vinateleza, vinatetema mahali pamoja, vidole vya mwanamke ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake. Halafu akamalizia: "...unakatika." Alipoona mumewe anamtazama, akauliza ana nini.

Mkasi hakumwambia. Alimpenda sana mkewe, na alidhani kumficha ndiyo kumlinda. Jumanne alimpeleka hospitali kwa kisingizio cha kupimwa shinikizo la damu. Daktari akasikiliza mapafu, akampiga picha ya kifua, akasema mama ana afya kuliko yeye daktari. Mama akamwambia karibu nyumbani. Mchana huo pumzi ilikaa nje sekunde thelathini na tatu, na Mkasi, aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda na kumshika bega asijue amtikise au amwache, alisikia kutoka kwenye cherehani iliyofunikwa chumba cha mbele mvumo mwembamba wa uzi uliovutwa ukangoja, ukangoja, mpaka mkewe alipovuta pumzi ndipo ukazimika.

Jumatano asubuhi alimtafuta mwalimu wa udereva.

Alimkuta kwenye gari la mafunzo, lililoegeshwa kwenye kiwanja cha mazoezi chenye mapipa yaliyopangwa mstari. Mwalimu akamwambia aingie, na kwa mazoea akamkalisha kwenye usukani, yeye akakaa upande wa abiria, mguu wake juu ya breki ya pili. Mkasi alisimulia yote. Mwalimu hakumkatiza hata mara moja.

"Nani nyumbani?" akauliza.

"Mke wangu."

"Leo itakuwa arobaini na nne. Kila siku anaongeza kumi na moja."

"Nani anaongeza?"

"Mwenyewe," alisema mwalimu, na mguu wake ukaikanyaga breki ingawa gari lilikuwa limezimwa.

Akaeleza kwa sauti ya chini. Mtunzi aliihangaikia solo ile miaka miwili, na katikati kila alichoweka kilikuwa kibaya. Siku moja mazoezini, kwa kuchoka, akaondoa mikono kwenye nyuzi, na wenzake waliokuwa kwenye viti wakaanza kulia machozi. Waliokuwa wanapiga hawakusikia kitu. Waliokaa kusikiliza walisikia gitaa, na hawakuwahi kusikia jingine kama lile. Tangu hapo pale katikati paliachiwa mwenyewe, jini au vyovyote utakavyomwita, na yeye akaridhika na sekunde zake kumi na moja. Aliye kazini na muziki huo, mpigaji au fundi, hamsikii, na mashine ya kurekodi haimshiki.

"Mimi nilipata wivu," mwalimu alisema. "Miaka sita watu wananisifu kwa kipande ambacho sikukipiga. Onyesho moja nikapajaza mwenyewe, nikapiga hapo katikati kwa ufundi wangu wote. Wiki hiyo baba yangu alianza. Alikuwa mzee, alifika arobaini na nne tu." Akatazama mapipa. "Mtunzi alinieleza dawa tukiwa tumeshazika. Wewe ulikata pumziko, fundi. Yeye anakata pumzi."

Dawa ilikuwa rahisi kuisema. Arudishiwe nafasi yake mahali palepale aliponyang'anywa, mbele ya watu walewale, mapumziko yote matano. Wakati wake asizungumze mtu. Na jambo moja zaidi, ambalo mwalimu alilirudia mara mbili: akimaliza ataondoka, na akiondoka asiagwe, asijibiwe, hata kwa neno moja.

Kwa bahati kipindi cha Jumamosi kilikuwa na marudio Alhamisi, saa tisa alasiri. Shangazi alipoambiwa jioni ile alikwenda kwanza kufunga mlango wa studio. Kisha akasema bosi atamtoa yeye pamoja na kiti chake. Kisha akauliza Mama Pindo yuko kwenye ngapi sasa.

"Arobaini na nne," alisema Mkasi.

"Zima huo mtambo wa akiba. Nitasema umeharibika."

Alhamisi mchana Mkasi alitamani kumchukua mkewe waende wote kituoni, lakini mama alikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia na hakutaka kusikia habari ya kutoka. Hata hapo Mkasi hakumweleza kitu. Akamwomba kitu kimoja tu, asijilaze kabla hajarudi. Mama akasema basi atafungulia redio imchangamshe, huku vidole vyake vikitembea juu ya hariri nyeupe bila yeye kujua.

Saa tisa, kanda nzima, isiyokatwa, ikaanza. Mtambo wa akiba ulikuwa umechomolewa na waya wake Mkasi aliushika mkononi. Mtunzi akapiga, taratibu, akauvuta uzi wake, gitaa likauliza, halafu kimya. Studio ikanuka vumbi la moto. Shangazi alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba chake akakiuma. Taa za kupimia sauti, zilizozoea kurukaruka, zililala chini kabisa. Mkasi akahesabu kimoyomoyo, kumi, kumi na moja, solo ikaendelea. Yule wa mvuani, kimya. Yule mwanamke, kimya. Katika kimya cha nne simu zote za kituo zilianza kuwaka bila kulia, na kule mlangoni bosi alionekana kwenye kioo akiwa amenyanyua mkono agonge, lakini mkono ukabaki hewani na uso wake ukalegea na machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai, naye akasimama hivyo hivyo, anasikiliza kitu ambacho wao wawili waliokuwa kazini hawakukisikia, hadi kimya cha tano kilipoingia na kupita, na harufu ikakatika ghafla kama dirisha limefunguliwa.

Bosi aliingia akijifuta. Hakuuliza habari za mtambo. Aliuliza yule wa sita ni nani, aliyekuwa anaingia katikati ya wenzake. Nje, wapokea simu walikuwa wanasema kitu kilekile: wasikilizaji wote wanampigia kura wa sita. Mkasi hakungoja matokeo.

Alikuta cherehani inakimbia. Mkewe alikuwa mzima, amechangamka, anamalizia pindo. Mkasi akamwomba ajilaze kidogo. Mama akamtazama kama amerukwa na akili, lakini akajilaza, na usingizi ukamchukua, kwa kuwa alikuwa amechoka. Pumzi ikatoka, ikaingia. Ikatoka, ikaingia. Mkasi alikaa kwenye kigoda akisikiliza dakika arobaini nzima bila kupata hata pengo moja la kukata, na akalia kwa furaha, kimya kimya, asimwamshe.

Alipoamka walikaa chumba cha mbele. Mama akarudi kwenye gauni lake, akaanza kusifu kipindi. Wale watano wote walikuwa na pupa, alisema. Yule mwingine ndiye mpigaji. Alipiga hata yeye akamkumbuka mama yake mzazi, akashona huku analia, ikabidi avute hariri pembeni isilowe.

"Na ana adabu," aliongeza. "Mwishoni aliaga."

Mkasi akaweka kikombe chini. "Aliaga vipi?"

"Si pale redioni? Alisema, haya mama, mimi nakwenda. Nikajua mgeni wa Shangazi huyo, anawaaga wasikilizaji." Mama akacheka kidogo, akakata uzi kwa meno. "Na wewe unanijua nilivyo. Nikamwambia, haya baba, karibu..."

Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Macho yake yalikuwa wazi. Chumba kikanuka vumbi lililopata moto, na juu ya hariri nyeupe vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea, taratibu, bila haraka yoyote, na Mkasi, ambaye hakuwa kazini safari hii, alisikia gitaa. Lilikuwa zuri mno. Machozi yakamtoka huku anahesabu, na alipofika kumi na moja mkewe akavuta pumzi na kumalizia neno lake.

"...tena."