Nilimwambia Mtu Mmoja Tu

"Nani mwingine alijua?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mchumba wangu, vitu vyangu vya kazini bado viko kwapani: kikombe, kandambili, na koti jeupe walilosahau kuninyang'anya.

"Alijua nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Kwamba nina mimba!"

Mrefu, ndivyo kazini walivyomwita, akaweka sufuria chini taratibu. Wote wawili tulikuwa kwenye kipindi cha majaribio ya kazi katika ghala la nafaka la serikali, bado hatujathibitishwa. Mimi nilikuwa napima unyevu wa mahindi. Yeye alikuwa kwenye kikosi cha dawa, wale wanaofunika magunia kwa turubai na kufukiza wadudu.

"Wamekufukuza?"

"Bosi kaniita, katabasamu, kasema sijafikia viwango. Nikamuuliza viwango gani. Akasema, 'Binti, uko kwenye majaribio, silazimiki kukueleza.' Juzi tu alinisifu mbele ya wageni!"

"Labda..."

"Labda nini? Hata mama yangu mzazi hajui. Najua mimi, na unajua wewe."

Akainamisha macho kwenye sufuria. Haikuwa na kitu ndani. Mwanaume anayekodolea sufuria tupu ana lake jambo.

Simu yake ikalia mezani, ujumbe umeingia. Nikaiwahi. Ulikuwa wa bosi.

"Hongera kijana, jina lako limepita, utathibitishwa. Kuhusu yule binti, funga mdomo."

Nikamgeuzia simu ausome.

"Kumbe mimi na mwanao ndio ngazi yako ya kupandia?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Kikulacho ki nguoni mwako! Wahenga walikuona kabla hujazaliwa."

Nikavua pete nikaitupia kwenye sufuria yake, nikaenda kwa dada yangu. Mrefu alinipigia simu mpaka nikaizima yangu.

Dada ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ofisini kwao. Aliponisikiliza, alikuja juu.

"Nani kakwambia mtu wa majaribio ni kuku, anachinjwa bila kuulizwa? Unatakiwa kupewa sababu, na kusikilizwa. Na mimba si sababu. Tunakata rufaa."

"Bosi ataapa hakujua."

"Si Mrefu alimwambia? Basi aje aseme."

"Aseme akose kazi? Dada, yule keshaniuza."

"Ndipo utakapomjua."

Siku ya kusikilizwa ilipopangwa, nikamwandikia: "Ulimwambia bosi, ndiyo au hapana?"

Akajibu: "Ndiyo. Nitakuja."

Atakuja upande wa nani? Sikupata usingizi kwa swali hilo.

Jibu nililipata nilipoingia chumba cha mikutano. Mrefu alikuwa amekaa kando ya bosi, shati limepigwa pasi. Hakuniangalia.

"Mimba?" bosi alikuwa akiwaambia wajumbe. "Jamani, nimeisikia leo hapa hapa. Tatizo lilikuwa kazi yake. Nina shahidi, walifanya kazi pamoja. Kijana, waeleze."

Mrefu akasimama, kichwa kikakaribia feni.

"Kazi yake ni nzuri," akasema. "Na bosi alijua ana mimba. Nilimwambia mimi."

Mama mwenyekiti wa kamati ya rufaa akaweka kalamu chini.

"Ulimwambia kwa nini?" akauliza.

"Mama, sisi wa majaribio tunazungushwa kila idara. Zamu yake ya dawa ilikuwa inakaribia. Ile dawa naijua, si ya kumkaribia mjamzito. Nikamwomba bosi amwache kwenye vipimo, nifanye zamu yake juu ya yangu. Akasema amenielewa. Kesho yake akaniambia, 'Nimthibitishe, halafu aanze na likizo ya uzazi?'"

Tabasamu la bosi likayeyuka.

"Kijana, unakumbuka wewe mwenyewe hujapewa barua ya kuthibitishwa?"

"Nakumbuka, bosi."

Kamati ikaamua nirudishwe kazini. Barua ya Mrefu haikutoka. Majaribio yake yakaongezwa, na dada akaanza kuandika rufaa nyingine.

Mrefu alinifuata getini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungekataa. Nikaiogopa dawa, nikamwamini mtu kwa tabasamu lake. Nilipogundua, nikaona aibu kukwambia."

"Umenifukuzisha kazi kwa mapenzi."

"Nisamehe."

Nilimpenda bado, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Pete yangu iko wapi?"

"Kwenye sufuria. Sijapika tangu uondoke."

Nikacheka bila kutaka.

"Nitakuja kuichukua. Lakini kuanzia leo, habari za mwili wangu nazisema mimi. Na wewe uko kwenye majaribio mpaka mtoto azaliwe."

"Na nikikosea?"

Nikatoa mkobani vitu vyangu vya kazini, nikamkabidhi kikombe na kandambili abebe. Koti jeupe nikalivaa.

"Utapewa sababu," nikamwambia. "Na utasikilizwa."