Wiki Ijayo ni ya Nani

Haya yalimpata rafiki yangu, katibu wa mazungumzo ya jioni kuhusu historia ya mtaa wetu. Mgeni rasmi aliomba kutoa salamu fupi, zikameza saa nzima. Bibi mkunga, wa mwisho aliyejua mtaa ulivyoanza, alipofikia kiini cha simulizi yake, muda wa ukumbi ukaisha. Kanuni ni kanuni. Katibu akamzimia kipaza sauti.

"Tutamalizia wiki ijayo, bibi."

"Wiki ijayo ni ya nani, mjukuu wangu?"

Watu wakacheka. Wiki haikuisha tukamzika.

Jioni ya mazungumzo yaliyofuata, katibu alitangulia ukumbini kupanga viti. Tangu mazishini alikuwa akijiambia kwamba angeweza kumkatiza mgeni rasmi. Umeme ukakatika, bila taarifa rasmi. Gizani akasikia, ndani ya kabati alimofungia vyombo, ukucha ukigonga kipaza sauti, ko, ko, ko, kama bibi alivyokijaribu kabla ya kusema.

"Panya," akasema kwa sauti, ajipe moyo.

Akafungua kufuli, akapapasa. Waya ulikuwa umeviringishwa vilevile alivyouacha. Lakini kipaza sauti kilikuwa na joto, na wavu wake umelowa pumzi.