Mgongaji wa Nyuma

Jua lilikuwa limeegemea mlima walipofika kwenye matawi yaliyorundikwa kuziba njia ya zamani. Kiongozi wa wapanda mlima aliyasogeza kwa mguu, shingo upande.

"Dada, njia zote nzuri umeziona, ukachagua hii ya nyani?"

"Napenda kimya," mgeni wake akajibu.

"Haya. Ila giza lisitukute huku. Hiyo miguu imezoea ngazi za ofisini. Mlima utaicheka."

Akacheka peke yake. Hakujua yuko na nani. Waliwahi kuzungumza mara moja tu, kwa simu, siku kiongozi alipompigia dada huyu kumwambia kwamba mdogo wake, mpishi wa msafara, ametoroka kambini na mwanamke. Dada mtu aliamini. Mwaka mzima aliamini, mpaka mpagazi mmoja alipolewa akayatapika yote: mpishi alivunjika mguu kwenye njia hii, mvua ikinyesha, na kiongozi alimsikia akigonga, akaendelea kushuka.

Maana huko juu watu hawaitani kwa kelele. Pumzi ni mali. Wa mbele hugonga jiwe kwa fimbo mara mbili. Wa mwisho hujibu mara moja. Yaani, nipo.

Leo wa mwisho alikuwa dada mtu. Na alikuwa amekusudia kutojibu. Mwache ahangaike, arudi nyuma kumtafuta, amkute amesimama hapa ukingoni mwa korongo... Mikono yake ingejua la kufanya.

Ukungu ukashuka. Mgongo wa kiongozi ukamezwa.

Ngo, ngo.

Dada mtu akaikumbatia fimbo yake kifuani. Kimya.

Ngo, ngo!

Kimya.

Kisha, nyuma yake...

Ngo.

Harufu ikamfikia: mafuta ya taa, kama jiko la kambini, na sweta iliyolowa.

"Ahaa, kumbe upo," kiongozi akasema, akitokeza kwenye ukungu. "Mbona unanitia..."

Akaiona fimbo ilivyokumbatiwa. Akashusha sauti.

"Umegonga wewe?"

"Sijagonga."

Ngo. Karibu zaidi. Halafu mguu ukaburutwa juu ya changarawe. Srrr... srrr...

Kiongozi alikuwa anatazama nyuma ya bega la mgeni wake.

"Nilikusikia," akanong'ona. "Wageni walikuwa wanakufa kwa baridi, ndugu yangu. Nilikusikia, ila..."

Akaenda kinyumenyume. Hatua moja. Nyingine.

Ardhi ikaisha chini ya kisigino chake.

Hakupiga kelele. Wala kishindo cha kuanguka hakikusikika.

Dada mtu alisimama akitetemeka, na ndani ya kutetemeka huko mlikuwa na utamu. Hakumgusa hata kwa kidole. Akasema polepole, bila kugeuka:

"Yamekwisha, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio.

"Alipokwambia nimetoroka... mbona ulicheka, dada?"

Ni kweli. Alicheka. Alisema, ndiye huyo huyo, wanawake watamuua. Akakata simu, akaendelea kufua.

Alishuka mbio, akianguka na kuinuka.

Kwake wanapikia gesi. Lakini kila jua likizama, mumewe hunusanusa, akauliza ni nani tena amemwaga mafuta ya taa.