Mabati au Gofu

"Kazija, mabati hatununui tena mwezi huu."

Cherehani ilinyamaza. Kazija aliinua uso kutoka kwenye gauni la mteja, akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, hapo Kilwa Masoko, mikono ikiwa bado na grisi ya dukani.

"Kwa nini?"

"Ile hela nataka kulipia kiingilio cha klabu."

"Klabu gani?"

"Ya gofu. Ile ya Lindi ninayokwenda na yule rafiki yangu Dionis."

Kazija alicheka. Akangoja na Maftaha acheke. Maftaha hakucheka.

"Unanitania, siyo?"

"Sitanii. Nimeshacheza vya kutosha kama mgeni. Jumatatu ndiyo mwisho. Nisipolipa, sikanyagi tena pale."

"Basi usikanyage! Maftaha, nyumba yetu imesimama kwenye lenta, haina paa. Masika mawili yameshapiga zile kuta. Juzi nimekwenda kuiona kule Kivinje nimekuta mchicha umeota sebuleni. Sebuleni kwangu! Halafu wewe unataka kwenda kupiga kijimpira na fimbo?"

"Ni biashara, Kazija. Watu wakubwa wote wako kule. Mtu kama mimi, muuza spea za pikipiki pale Nangurukuru, nitakutana nao wapi?"

"Umekutana nao tangu kiangazi. Nani kakupa biashara? Nitajie mmoja."

 Adhana ya alasiri ikamwokoa Maftaha. Akaiacha simu yake kwenye chaji, akatoka kwenda kusali.

Haikupita muda, simu ikalia kidogo na kuwaka. Kazija si mtu wa kupekua simu za watu, lakini maandishi yalikuwa wazi kwenye kioo, na jina juu yake: Valeria Gofu.

"Jumamosi ile ulinigusa sana. Yale uliyoniambia yatabaki yetu. Wiki hii usikose, nitakungoja pale pale."

Alisoma. Akasoma tena. Akakaa juu ya gauni la mteja bila kujua.

Akampigia dada yake, Hafsa.

"Dada, Maftaha ana mwanamke."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma mwenyewe. Anaitwa Valeria. Hiyo gofu yote ndiyo Valeria."

Hafsa alishusha pumzi upande wa pili. "Mdogo wangu, mwanamume hatoi hela ya paa lake kwa ajili ya mpira. Usimwulize. Ukimwuliza atakupa maneno. Nenda ukaone kwa macho yako."

Kazija hakuuliza. Alipika, alipakua, alikula kwa kujilazimisha. Maftaha naye alikula kimya, kama alivyozoea kula miaka hii miwili. Nyumba yao ilikuwa imekuwa hivyo: watu wawili wasio na ugomvi, wasio na maneno. Kazija alikuwa ameshajiambia kwamba huo ndio utu uzima. Sasa akajiona mjinga.

Jumamosi asubuhi Maftaha aliondoka na pikapu yake. Kazija akavaa baibui lake jipya, akaenda hadi Nangurukuru, akapanda basi la kusini. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumtukana Valeria. Aliyapanga vizuri, akayarudia, mengine akayaongezea chumvi. Alipofika Lindi alichukua bodaboda mpaka kwenye geti la klabu, nje ya mji.

"Mama, una kadi ya uanachama?" mlinzi aliuliza.

"Nina mume ndani."

Mlinzi akamtazama usoni, akaona heri afungue.

Ndani kulikuwa na majani mabichi yaliyokatwa yakalingana kama zulia, na watu wachache wakitembea polepole na fimbo zao. Ng'ambo, chini ya kibanda cha makuti, Kazija akamwona Maftaha. Ameinamisha kichwa. Pembeni yake mwanamke mwenye kofia nyeupe amempa mgongo Kazija, mkono wake uko begani kwa Maftaha.

Kazija akakata katikati ya uwanja.

"Mama! Mama, angalia mpira!" mtu alipiga kelele. Kitu kikapita karibu na sikio lake kikivuma. Hakugeuka.

"Maftaha!"

Maftaha akaruka kama aliyeungua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kazija? Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumwona Valeria."

Mwanamke akageuka, akavua kofia. Kichwa chote mvi. Uso wenye mikunjo, miwani minene, umri wa mama mzazi wa Kazija, pengine zaidi.

"Mimi ndiye Valeria," alisema.

Yale matusi yote ya njiani yakamkwama. Mdomo ukatoa ulicholelewa nacho.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bila shaka wewe ndiye Mama Nusaiba."

Kazija alishika nguzo ya kibanda.

Miaka miwili hakuna aliyemwita hivyo. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mama Nusaiba, na mumewe Baba Nusaiba, mpaka homa ilipomchukua mtoto wao wa pekee akiwa na miaka minne. Baada ya arobaini majirani, kwa huruma yao, wakalikunja jina hilo wakaliweka. Akarudi kuwa Kazija. Ndani ya nyumba yao halikutajwa kabisa, wala na Maftaha wala na yeye.

"Umemjuaje?" aliuliza.

"Nusaiba? Nani asiyemjua hapa!" Valeria alitabasamu kwa upole. "Mimi nilimzika mwanangu Lukas, mtu mzima tayari. Mumeo aliposikia, ndipo akaanza kunisimulia wake. Kila Jumamosi tunatembea, tunapiga mpira, ananisimulia. Ile habari ya mbuzi imenichekesha mpaka nikakaa chini."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa jirani yenu. Kwamba mtoto alikuwa akimwamkia mbuzi shikamoo, haondoki mpaka aitikiwe. Baba yake anajificha nyuma ya ukuta, anaitikia marahaba kwa sauti ya kibuzi."

Kazija alikumbuka mtoto wake akiingia ndani mbio, akiapa kwamba mbuzi wa jirani anasema. Alimkemea aache uongo. Hakujua kwamba nyuma ya ukuta alikuwepo mtu.

Alimgeukia mumewe.

"Umewapa hawa," alisema. "Mimi mama yake hukunipa, umewapa hawa."

"Kazija..."

"Ningekukuta na hawara, Maftaha, wallahi ningejua pa kuanzia. Hili sijui nilishike wapi."

Valeria akachukua fimbo yake. "Nendeni nyumbani, wanangu," alisema taratibu. "Hapa si mahali pa neno hilo."

Walirudi wote na pikapu, wakapita Mchinga. Mbele kidogo Maftaha akaweka pikapu pembeni ya barabara, akazima injini.

"Wewe ndiye uliyenikataza," alisema akitazama mbele.

"Mimi?"

"Siku ya tatu ya matanga. Nililitaja jina lake, ukanishika shati hapa kifuani. Ukasema, usinitajie tena jina hilo, nitakufa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nikaogopa utakufa kweli. Nimeshazika mmoja."

Lori lilipita likaitikisa pikapu. Kazija alijaribu kuikumbuka siku hiyo, akaona kanga za watu tu na vikombe vya kahawa.

"Siku tatu, Maftaha. Nilikuwa na siku tatu tangu nimzike. Ukadhani ni neno la maisha?"

"Hukuniambia kwamba limekwisha."

"Na wewe hukuuliza! Ukanyamaza, nikaona umemsahau. Nimekuchukia nikiwa nakupakulia wali, unajua? Nilikuwa nakutazama unakula nasema moyoni, huyu hana roho."

Maftaha aliweka paji la uso kwenye usukani. 

"Niambie kweli," Kazija alisema baadaye. "Hiyo gofu unaipenda?"

"Mpira wenyewe siwezi hata kuupiga. Unaishia vichakani kila siku. Wananicheka."

"Basi kiingilio cha nini?"

"Napata mahali pa kumtaja."

Kazija aligeuza uso dirishani, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Usipolipa, utarudi kunyamaza?"

"Sijui," alisema Maftaha. "Nikikuahidi nitakudanganya."

Jumapili iliwapita kama wagonjwa. Kazija alikata kitambaa vibaya, akakiacha. Alijua mwenyewe kwamba angeweza kusema neno moja tu, lipa, nyumba ingoje masika mengine, na mumewe angelipa. Mara mbili neno lilifika mdomoni. Aliogopa kusema, akaogopa kutosema. Nyumba bila paa aliijua ilivyo. Na hii yenye paa, waliyopanga hapa Masoko, nayo aliijua ilivyo.

Alasiri alimsikia Maftaha uani, simu sikioni.

"Dionis, mwambie katibu wa klabu jina langu aliondoe. Hapana, siyo hela. Ni nyumbani tu. Mama Valeria nitampigia mwenyewe."

Akaingia chumba cha kushonea, akasimama.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Usije kunilaumu kesho."

"Naweza nikakulaumu," alisema Maftaha. "Tukiweka mabati, halafu chini yake tukanyamaziana, nitakulaumu. Najijua."

Kazija aliondoa vitambaa kwenye kiti cha wateja. "Kaa."

Akakaa. Kwa muda walikuwa kama wachumba walioachwa peke yao mara ya kwanza, hakuna anayejua aanze vipi. Kazija ndiye aliyeanza.

"Kuna neno nimekuficha. Siku ile hospitali, ulipotoka kwenda kutafuta dawa nje. Nusaiba alikuulizia."

Maftaha alisogea mbele ya kiti.

"Akasema, baba yuko wapi? Nikamwambia anakuja. Akasema, basi nitamsubiri."

"Kazija."

"Alikusubiri, mume wangu. Alikuwa anatazama mlango. Ulipochelewa, macho yakamwelemea, akalala. Hakuamka tena."

Maftaha alijifunika uso kwa mikono yake miwili, akalia kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Kazija hakumwambia anyamaze. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilidhani ningekuua."

Nje jirani aligonga, akaita hodi, akasikia kilio, akarudi zake. Jua lilikuwa limeshafika kwenye meza ya cherehani. Maftaha alijifuta kwa kipande cha kitambaa kilichokatwa vibaya, akamshika mkewe mkono.

"Endelea," alisema. "Alisema nini tena?"