Subiri Mpaka Baada ya Mbio

"Themanini na mbili," Badar alisema, akauachia mkono wa mkewe. "Jana themanini. Mwana, una nini?"

Mwanawema alikuwa bado amelala chali, kama alivyofundishwa. Mapigo ya moyo ya mkimbiaji hupimwa alfajiri, kabla hajainuka kitandani. Kwa miaka mitatu mapigo yake ya asubuhi hayakuwahi kupita hamsini na tano. Sasa ilikuwa wiki ya pili yanapanda tu.

Badar akamuuliza kama amelala vizuri. Akasema amelala. Akamuuliza kama ana homa, kama kichwa kinamuuma, kama amekunywa kahawa nyingi. Yote akajibu hapana. Badar akakaa ukingoni mwa kitanda, akateremsha sauti.

"Isiwe una mimba."

Mwanawema akageukia ukutani.

"Sina mimba, Mwalimu."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. "Si kama sitaki, unajua. Lakini mbio zimekaribia. Subiri mpaka baada ya mbio."

Akatoka kwenda kutia pumzi baiskeli yake, anapiga mluzi. Mwanawema akabaki kuutazama ukuta. Sababu ya mapigo yale alikuwa anaijua. Asiyeijua ni yule aliyekuwa akiyahesabu kila siku.

Badar alikuwa mwalimu wa michezo katika skuli moja ya Chake Chake. Alimwona Mwanawema kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya skuli, msichana mwembamba kutoka Ole, binti wa Mzee Mjaka mkulima wa karafuu, anakimbia peku na mtandio umefungwa kidevuni. Alishinda, kisha akaanguka akatapika. Badar akamwambia, "Unakimbia kama unafukuzwa. Nani anakufukuza?" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwake. Miaka miwili baadaye alipeleka posa Ole, wakaoana, wakahamia Madungu, hapo hapo Chake Chake.

Mafunzo aliyompa yalikuwa yale ambayo watu walimcheka kwayo. Alimnunulia mkanda wa kufunga kifuani na saa ya mkononi inayoonesha mapigo na kulia yakizidi. Sharti lilikuwa moja tu: moyo usipite mia na hamsini. Ukipita, punguza mwendo. Ukikataa kushuka, tembea. Badar alimweleza kuwa anayetaka kukimbia mbali lazima aufunze moyo kufanya kazi kwa utulivu, na kwamba kazi hiyo haina njia ya mkato.

"Nitajuaje kama nakwenda sawa, saa ikiharibika?" Mwanawema alimuuliza.

"Zungumza. Ukiweza kumaliza maneno yako bila kuhema, hiyo ndiyo kasi yako."

Miezi ya mwanzo ilikuwa aibu tupu. Kila kilima alikipanda kwa kutembea. Siku moja mzee mwenye baiskeli iliyosheheni mihogo alimpita, akageuka akamuuliza kwa huruma kama anaumwa, ampakie. Mwanawema alilia njia nzima. Lakini hakuacha, na kidogo kidogo mwili ukakubali. Mwaka ulipokwisha, kwa moyo ule ule uliotulia, alikuwa anakwenda kasi ambayo zamani ilimtapisha.

Na katika pole pole hiyo ndimo alimompenda Badar kikweli. Yeye anakimbia, mumewe yuko ubavuni na baiskeli, na sharti ni kuzungumza. Walizungumza mpaka mambo ambayo mtu hamwambii mtu. Badar alimweleza alivyofiwa na baba angali mdogo, akabaki na mama tu, Bi Zuweina, ambaye hana mtoto mwengine. Mwanawema alimweleza kuwa anataka watoto wanne, wapishane kidogo kidogo, nyumba iwe na kelele.

"Watakuja, inshallah," Badar alisema. "Baada ya mbio."

Akakimbia mbio za Unguja, akawa wa tatu. Baada yake zikaja mbio nyengine, na nyengine tena. Kila alipozungumzia mtoto, mbele yao palikuwa na mbio. Bi Zuweina akaanza kumtazama tumbo kila anapomwamkia. Mwanawema akavumilia, akasubiri, kwa sababu aliyemwambia asubiri ni Badar.

Siri ya mumewe aliijua kwa bahati. Siku hiyo Badar alisema ana mkutano wa walimu Wete, akamwambia akimbie peke yake njia ya Wesha, pole pole. Karibu na bandari alikuwapo Bi Mwatum, mama mtu mzima anayekaanga mihogo kando ya barabara. Zamani Mwanawema akimpita mbio. Siku hizi mwendo wake ulimruhusu kusalimiana.

"Sabalkheri, Bi Mwatum."

"Sabalkheri mwanangu. Hongereni. Nyumba yenu sasa itajaa."

Mwanawema akasimama. "Hongera ya nini, Bi Mwatum?"

"Ya mke mwenzio. Mumeo nimemwona sasa hivi anaingia kwa Mize na mfuko wa machungwa. Tumbo lile haliifiki Ramadhani."

"Alhamdulillahi," Mwanawema alijibu, kwa kuwa hakupata neno jengine.

Bi Mwatum akamtazama usoni, na kijiko kikamsimama mkononi. Akaanza kumwomba radhi. Akaapa kwamba Wesha nzima inajua kuwa mke mkubwa ndiye aliyetoa idhini, kwamba ndivyo walivyoambiwa siku ya ndoa. Mwanawema akamwambia hana kosa, akageuka, akarudi Madungu. Saa mkononi ilikuwa ikilia njia nzima, na hakuiangalia.

Jioni Badar alirudi na machungwa. Akamwambia mkutano ulikuwa mrefu.

Mwanawema hakusema kitu. Alitaka Badar aseme mwenyewe. Kila alfajiri alimpa mkono wake, na kila alfajiri Badar aliushika, akahesabu, akamuuliza, "Una nini, Mwana?" Naye akingojea kwamba leo, pengine leo, mume wake atajiuliza swali hilo yeye mwenyewe. Wiki mbili zikapita hivyo.

Siku ile ya themanini na mbili Badar aliamua mazoezi yawe mepesi. Wende njia ya Ole, Mwanawema apate kuwaona wazee wake, pengine moyo utatulia. Walipoziacha nyumba za mwisho za mjini, barabara ikawa tupu, mikarafuu huku na huku.

"Saa inasema ngapi?" Badar aliuliza kutoka kwenye baiskeli.

"Mia na arobaini."

"Vizuri. Kaa hapo hapo."

"Mize hajambo?"

Baiskeli ikayumba.

"Mize yupi?"

"Wa Wesha. Mkeo."

Badar akainyoosha baiskeli. Kisha akauliza nani kamwambia. Mwanawema akamjibu kuwa aliyemwambia si hoja, hoja ni kwamba amengoja wiki mbili aambiwe na yeye. Badar akashuka, akamwomba asimame wakae chini wazungumze kama watu. Mwanawema hakusimama.

"Kasi hii mtu anaweza kuzungumza. Wewe ndiye uliyenifundisha. Zungumza."

Ikabidi Badar akimbie naye, anaisukuma baiskeli, anahema.

"Mama analia kila siku. Anataka mjukuu kabla hajafa. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Na wewe ukishika mimba, utakaa miaka miwili hukimbii. Kazi yote hii tuliyoifanya itapotea. Nikafikiri, nikafikiri... nikaona hivi itakuwa salama kwa kila mtu. Mmoja azae, mmoja akimbie."

Hapo Mwanawema akasimama.

"Na yupi kati yetu uliyemuuliza anataka lipi?"

Badar akaiegemeza baiskeli kwenye mkarafuu.

"Uliniambia nisubiri, nikasubiri. Mama yako akinitazama tumbo nikinyamaza, kwa sababu nilidhani tunasubiri sote wawili. Kumbe nilikuwa nasubiri peke yangu."

"Wallahi, Mwana, nilifanya kwa kukupenda."

"Naamini," Mwanawema alisema. "Na mie nilikaa bila mtoto kwa kukupenda."

Akaufungua mkanda kwa ndani ya fulana, akauvua pamoja na saa, akavitia kwenye kikapu cha baiskeli. Kisha akaendelea na njia ya kwao kwa kutembea. Badar hakumfuata.

Jioni hiyo, yuko ndani kwa mama yake, simu ikaingia ujumbe kutoka namba asiyoijua.

"Dada, asalaam alaykum. Ni mimi Mize. Badar amekuja hapa analia. Mimi niliambiwa toka mwanzo kuwa wewe ndiye uliyemtaka aoe kwa sababu ya mambo ya mbio. Kama si kweli, wallahi sikujua. Nisamehe."

Mwanawema aliusoma mara nyingi. Alitaka kumchukia mwanamke huyu na akakosa pa kuanzia. Mwisho akaandika:

"Si kweli. Lakini huna kosa. Mungu akujaalie ujifungue salama."

Siku ya tatu Badar alikuja Ole na ami yake. Wakakaa barazani na Mzee Mjaka, na Mwanawema akaitwa, akakaa kwenye mkeka pembeni ya mama yake, Bi Siti. Ami alizungumza kwa adabu. Alisema kijana amekosa, si kwa kuoa, kwa maana kuoa ni halali yake, ila kwa kuficha na kusema uongo. Mzee Mjaka akamgeukia binti yake, akamuuliza anataka nini.

"Nataka talaka yangu, baba."

Badar akasogea mbele. "Nitamwacha Mize. Akijifungua tu, nitamwacha."

"Usifanye hivyo," Mwanawema alisema. "Umeshatudanganya wawili. Usimtie na mtoto."

Mzee Mjaka akakohoa, akamkumbusha binti yake kwamba akiachwa leo atakaa eda, miezi mitatu au karibu yake, na mbio zake za bara ziko mwezi ujao. Hatotoka nyumbani. Mazoezi yote aliyoyafanya hayatakuwa na faida.

"Najua, baba."

Badar akaliona neno hilo kama mlango uliobaki wazi. Akamtazama mkewe machoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Basi angalau hilo, Mwana. Mimi sikuzuii tena. Ukitaka nikuache, nitakuacha. Lakini subiri mpaka baada ya mbio."

Sauti ya Mwanawema ilitoka imetulia.

"Mtoto wangu, baada ya mbio. Ukweli, baada ya mbio. Leo hata kuachwa kwangu ni baada ya mbio. Badar, mie sitaki tena kusubiri chochote."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Tangu skuli alikuwa akimwita Mwalimu. Badar akainama, akajifunika uso kwa viganja. Akaandika talaka moja pale pale barazani, mbele ya mashahidi. Kisha akainuka, akaondoka.

Siku ya mbio Mwanawema alikuwa uani Ole, anaanika karafuu kwenye jamvi pamoja na mama yake. Saa za kuanza zilipofika mikono ilimsimama kidogo. Bi Siti aliona, akajifanya hakuona.

Talaka ilikuwa moja, na kwa talaka moja mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijesha. Jambo hilo halikutajwa na mtu nyumbani, na kila mtu alilijua. Wiki za mwanzo Badar alikuwa akituma ujumbe kila alfajiri, maneno mawili tu: "Umeamkaje, Mwana?" Hakumjibu hata mmoja. Alikuwa akiusoma, kisha akiuweka uso wa simu kwenye kifua chake mpaka mwanga uzimike.

Mwezi wa pili ukaja ujumbe mrefu kidogo: "Mize kajifungua mtoto wa kike. Mama kafurahi sana. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe, usisikie kwa watu." Mwanawema akaenda msalani, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Baada ya hapo ujumbe wa alfajiri ukawa unaruka siku, kisha ukakatika kabisa.

Siku ya mwisho ya eda, alasiri yote alikaa upande wa mbele wa nyumba, pale dirisha linapoona barabara. Alisema anachambua mchele. Ungo ule ule aliuchambua kuanzia baada ya sala mpaka jua likaingia. Kila baiskeli iliyopita ilimwinua kichwa. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, na barabarani hapakuwa na mtu.

Bi Siti akaja kumwita waswali, akamkuta machozi yanadondokea kwenye mchele. Tangu Mwanawema alipokuja Ole kwa miguu siku ile, mama yake hakuwa amemwona akilia.

"Ulikuwa unamngoja?"

Mwanawema akatikisa kichwa kukubali.

"Angekuja, ungerudi?"

"Nisingerudi, mama."

"Basi mbona walia?"

"Hakuja," Mwanawema alisema.

Bi Siti akauchukua ungo mikononi mwake, akauweka chini, akakaa naye sakafuni. Hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo mpaka giza likaingia chumbani, kisha wakainuka pamoja kwenda kutia udhu.